Nilinyanyua gari, mama mkwe akashindwa kupanda!

MPENZI msomaji, wiki hii naanika aibu yangu mwenyewe hadharani. Najua washkaji wa Mlandege watanicheka hadi Krismasi, lakini bora nichekwe kuliko nikuache na wewe uingie mkenge niliouingia mimi.

Kisa chenyewe ni gari. Nina Hilux Vigo, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 2004. Baadhi ya Hilux za four-wheel zilizotangulia hii, huku mbele zilibebwa na vyuma vya kujisokota. Vigo ikaja na springi ya koili iliyovalishwa juu ya shokapu, vitu viwili vikawa kitu kimoja. Mafundi wanaiita koilova.

Mimi nikaenda mbele zaidi. Nikatoa zile za kiwandani, nikafunga koilova zenye nyuzi, yaani mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama bolti, halafu kuna ringi inayokalia springi. Ukizungusha ringi kuibana springi, pua ya gari inapanda. Ukiilegeza, pua inashuka. Raha iliyoje kwa kijana anayependa kuuza sura!

Nikamfuata fundi mmoja, jina nalihifadhi, nikamwambia: "Fundi, maliza nyuzi zote." Akazimaliza kweli. Mbele gari likapanda karibu inchi nne. Nyuma tukaongeza springi ili lisikae kama mbwa aliyechuchumaa. Bwana we, nilipopita pale sokoni Mlandege watu waligeuka. Nikajiona nimefika, nikawa natesa tu.

Kilichofuata ni kugongagonga. Kila nikivuka tuta nasikia go! go! huku mbele. Nikaongeza sauti ya redio. Tairi za mbele zikaanza kuliwa upande mmoja. Nikasema tairi za siku hizi feki. Usiku wenye magari yaliyokuja mbele yangu walinipigia honi na kuniwashia taa, kumbe taa zangu zilikuwa zinawamulika machoni. Nikadhani wananisalimia.

MIEZI miwili baadaye ikafika siku ya kwenda ukweni, huko vijijini Kilolo. Nilitakiwa kumchukua mama mkwe mtarajiwa nimlete mjini Iringa kwa mambo ya kifamilia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wanaoujua udongo mwekundu wa kule ukilowa hawahitaji maelezo.

Nikafika, nikasalimia kwa adabu zote, "Kamwene!", nikafungua mlango. Mama akainua mguu, haukufika. Akajaribu mwingine, nao haukufika. Kitenge kikataka kufunguka. Wifi akakimbia jikoni kuleta kigoda. Mama akasimama juu ya kigoda, akanitazama, akasema: "Mwanangu, hili gari ni la watu au la twiga?"

Kina shemeji walicheka hadi wakashika mbavu. Baba mkwe hakucheka. Alilizunguka gari mara moja, akainama akachungulia chini, akanyamaza. Ukiona mzee wa Kihehe amenyamaza, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe halikuchelewa. Kwenye kilima cha tatu niliingiza four-wheel, nikakata usukani kukwepa korongo, nikaongeza moto. Nikasikia kaa! Upande wa kushoto mbele kiungo cha drafshafti kimevunjika. Mbele hakukuwa na nguvu tena, tairi za nyuma zikabaki zinazungukia tope, gari likaanza kurudi kinyumenyume huku linapinda. Kulia kwetu kulikuwa na bonde. Nilikanyaga breki, likateleza bado, hadi tako la gari likajibamiza kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Likatulia.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, anasali kimyakimya. Mpenzi msomaji, ukimya ule sijausahau. Ukingo ule ungekuwa upande mwingine, leo ungekuwa unasoma habari ya msiba.

Gari lilivutwa hadi mjini. Safari hii nikamtafuta mzee mmoja pale Mlandege, fundi aliyeanzia kwenye Land Rover 109 za springi za majani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani alilipandisha hili gari mti?"

Akaniweka kwenye benchi, akanipa darasa ambalo sikulipata kwa yule wa kwanza. Nakugawia na wewe bure.

KWANZA, ringi haiifanyi springi kuwa ngumu. Inaibana tu mapema ili gari likae juu. Lakini tairi inahitaji nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Ukilinyanyua mpaka mwisho, mikono ya chini tayari imening'inia. Tairi ikikuta shimo haina pa kushukia, shokapu inagonga mwisho wake. Ndiyo ile go! go! niliyoifunika kwa redio.

Pili, drafshafti. Gari likipanda, injini na difu hupanda nalo, lakini tairi inabaki chini. Drafshafti inainama kupita kiasi. Mpira wake unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Ukikata usukani hadi mwisho na kuongeza moto, inakatika. Mzee alinionyesha mpira wangu: ulikuwa umechanika zamani, grisi imerukia kila mahali. Baba mkwe aliiona kwa kuinama mara moja. Mimi nilikuwa nalala nayo.

Tatu, gari refu huyumba zaidi kwenye kona. Uzito umehamia juu. Ukitelemka Kitonga na mzigo huku umelinyanyua hivyo, unacheza na kifo.

"Basi nifanyeje, mzee?" Akasema kwa gari linalobeba watu, inchi mbili juu ya kimo cha kiwandani zinatosha kabisa. Kazi yenyewe tuliifanya hivi.

Gari likawekwa mahali tambarare, upepo wa tairi ukalinganishwa. Tukapima kutoka katikati ya kikombe cha tairi hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, tukaandika. Usipime kutoka ardhini, kwani tairi ikipungua upepo vipimo vinakudanganya.

Gari likapigwa jeki, likakalishwa kwenye stendi imara chini ya chasisi, tairi za mbele zikatolewa. Nyuzi zikasuguliwa kwa brashi ya waya hadi tope lote likatoka, zikapakwa mafuta. Ukizungusha ringi penye mchanga, nyuzi zinakufa. Ringi ya kufungia ikalegezwa, ile ya springi ikapigwa alama ya chaki, ikazungushwa kwa spana yake ya ndoana huku tunahesabu mizunguko, kushoto na kulia sawasawa.

Hapa wengi huchemsha: kwa sababu ya jinsi mikono ilivyo, ringi ikisogea milimita 10, pua ya gari inaweza kupanda au kushuka karibu mara mbili yake. Kwa hiyo tukazungusha kidogo, tukarudisha tairi, tukaendesha mita chache gari likae, tukapima tena. Tulirudia mara tatu. Nyuma tukapunguza springi. Mwisho ringi zikafungwa, drafshafti mpya ikaingia, tairi zikanyooshwa kwenye mashine ya alaimenti, taa zikarekebishwa.

Alinikanya jambo moja kwa ukali. Nati ya juu kabisa ya koilova haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. "Springi iliyobanwa ni gobori lililoshindiliwa," alisema. "Ikifyatuka haiulizi jina."

Gharama? Drafshafti, tairi mbili na mkono wa fundi vilinila fedha ya godoro na kabati nililokuwa nimepanga kununua. Hiyo ndiyo bei ya kutesa wiki nane.

Na kama bado unaamini urefu ndio ubabe, kumbuka Joginder Singh. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544, tena ya mkono wa pili. Gari dogo la kawaida, si la twiga. Alilijua gari lake na kulitunza, basi.

Jumapili iliyopita nilirudi Kilolo. Mama mkwe alitoka na kigoda mkononi, akakisogeza karibu na mlango, akainua mguu. Ukafika. Akampa wifi kigoda akirudishe jikoni.

Baba mkwe akainama, akachungulia chini ya gari. Akainuka, akafuta mikono. "Sasa tunaweza kuongea habari ya mahari," akasema.