Paka akiumia goti, usimpe Panadol

Paka wetu alirudi jioni moja akitembea kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma alikuwa ameukunja, haugusi chini. Mdogo wangu wa miaka minane akaanza kulia. Mama, kwa huruma, alishavunja nusu kidonge cha Panadol na kukisaga kwenye mchuzi wa dagaa. Kabla sahani haijawekwa chini, nikampigia simu daktari wa mifugo. Alituambia tuumwage.

Sababu ni kwamba ini la paka haliwezi kuiondoa parasetamoli mwilini kama ini la binadamu. Dawa hugeuka sumu na kuharibu damu, ikashindwa kubeba oksijeni. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa. Fizi hugeuka kahawia au bluu, uso na nyayo huvimba, na huhema kwa shida. Kama kuna mtu alishampa, usisubiri dalili wala asubuhi. Mkimbize kwa daktari, kwani tiba ipo lakini hufaa zaidi ikiwahiwa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari kwake.

Basi tumsaidieje?

Kwanza, yatambue maumivu. Paka huyaficha. Utamwona anajificha chini ya kitanda, haruki kwenye kochi, hali vizuri, au anamkwaruza kila anayemshika.

Pili, mpumzishe. Mweke kwenye chumba kidogo au boksi kubwa lenye tandiko laini, chakula na maji vikiwa karibu. Chombo chake cha mchanga kiwe na ukingo mfupi ili asilazimike kuruka. Kano ikiumia, mapumziko huweza kuchukua wiki kadhaa, hata kama anaonekana ana nafuu.

Tatu, goti likivimba siku za mwanzo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10. Akikataa, acha. Usimkande, usimnyooshe mguu, wala usimfunge bandeji mwenyewe.

Nne, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Atapapasa goti na huenda akampiga eksirei kujua kama kano imekatika, kifuniko cha goti kimehama au mfupa umevunjika. Wengine hupona kwa mapumziko, wengine huhitaji upasuaji. Dawa za maumivu zinazofaa paka zipo, ila hupimwa kwa uzito wake. Usiongeze dozi, na usitumie iliyobaki ya zamani bila kuuliza. Kama paka ni mnene, mpunguzie chakula taratibu kwa ushauri wa daktari, maana uzito hulielemea goti.

Sasa watoto. Paka mpole akiwa na maumivu hung'ata. Waeleze kwamba kumpenda kwa sasa ni kumwacha alale. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Paka wetu alikaa kwenye boksi la televisheni wiki tano. Siku hizi anapanda kochi, ingawa huanza kwa kulipima kwa macho. Vidonge navyo vimehamia kabati la juu, na mdogo wangu ndiye anayewakumbusha wageni kwamba dawa ya watu si ya paka.