HPV hakipigi kelele: Mbona binti wa miaka 10 achanjwe?

Mdogo wangu ana miaka 10. Majuzi alirudi nyumbani akisema kliniki ya mtaa inachanja wasichana wa rika lake dhidi ya HPV. Mama akanigeukia: "Wewe ndiye ulifika koleji, hebu tuambie hii ni ya nini. Huyu si bado ni mtoto?"

Hiyo koleji niliiacha njiani, lakini swali lilikuwa la maana. Nikaketi nikasoma. Wacha nikuchanue pia, maana najua hata kwenu litaulizwa.

Chukulia kinga ya mwili wako ni soja wa ploti. Akisikia dirisha limevunjwa au mtu amepiga nduru, anatoka mbio na rungu. Kirusi cha homa ya mafua hufanya fujo ya aina hiyo. Kinaingia, kinazaana haraka na kuua seli. Ile joto inayokulaza siku tatu ni soja akipigana.

HPV ni mpangaji mtulivu. Hupitia mikwaruzo midogo ya ngozi laini ambayo hata huisikii, kikajificha kwenye seli za tabaka la chini. Hapo hutengeneza protini kidogo sana. Hakiingii kwenye damu, wala hakipasui seli. Kinangoja zipande juu na kubambuka zenyewe, kisha kinatoka nazo. Hakuna homa, hakuna kidonda. Soja anaendelea kunywa chai yake.

Halafu kuna ujanja zaidi. Seli iliyovamiwa kawaida hutundika vipande vya adui nje, kama bendera ya kuomba msaada. Protini ya HPV inayoitwa E5 huzuia bendera hizo zisifike nje. Nyingine mbili, E6 na E7, hufifisha king'ora ambacho seli hutumia kuonya majirani. Hizo mbili ndizo pia hukata breki zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Gari likikosa breki kwenye mteremko, unajua mwisho wake.

Usiingiwe na hofu bado. Karibu kila mtu anayeshiriki ngono hukutana na HPV wakati fulani, na takriban maambukizi 9 kati ya 10 huondolewa na kinga ndani ya miaka 2. Noma ni yale yanayobaki. Aina mbili tu, 16 na 18, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa uzazi. Kufika huko huchukua kama miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye HIV ambaye hatumii dawa. Muda huo wote unaweza usisikie kitu. Kwa hivyo "mimi niko sawa, sina dalili" si jibu.

Sasa turudi kwa swali la mama. Ndani ya chanjo hakuna kirusi, kuna ganda lake tupu tu. Mwili ukiliona, unatengeneza kingamwili za kukinasa kirusi chenyewe kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia na kujificha, chanjo haiwezi kukitoa. Ndiyo maana Kenya ilipoanza mpango huu Oktoba 2019 ililenga wasichana wa miaka 10. Si eti wameanza mambo ya wakubwa. Geti hufungwa kabla mwizi hajafika.

Na ile meseji ya WhatsApp kwamba chanjo inamaliza uzazi? Imetumika duniani tangu 2006, na tafiti hazijaonyesha hivyo.

Ikiwa wewe umeshapita umri huo, kuna kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze wakiwa na miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na HIV. Nawe kijana wa kiume usijitoe. HPV huleta saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa, na unaweza kukibeba bila kujua. Kondomu hupunguza hatari, ingawa haifuniki ngozi yote.

Mdogo wangu alichanjwa Jumamosi. Alilia dakika mbili, akaitisha chipsi. Tukiwa njiani kurudi, mama alikuwa kimya, kisha akauliza: "Na mimi, ambaye sijawahi kupimwa hata siku moja?"

Tunaenda naye wiki ijayo. Wewe wako umemuuliza?