Kwa Nini Mgeni Alirudisha Kapu?

Chukua mfano huu. Mwanamke mmoja wa Ujerumani amemaliza likizo yake Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kesho anarudi kwao. Wiki nzima alikuwa akizama baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kutazama samaki. Leo hataki. Amekaa tu mchangani kama mtu mwenye homa.

Jioni bibi mmoja, mkulima wa mwani, anamletea kapu. Ndani yake mna tumbawe jeupe, gamba la kome mkubwa, yule anayepigwa kama baragumu, na maembe matano.

"Chukua, mwanangu. Ukamwoneshe mama yako."

"Asante sana, bibi. Lakini siwezi kuvichukua."

Bibi anarudi nyumbani kanuna. Hivi, mkono wa mtu mzima unarudishwa? Majirani nao wanaongeza yao: eti mzungu anaringa, ametuchoka, hata bahari yetu haitaki tena.

Sivyo. Tuanze na hilo la bahari.

Hewa tunayovuta ina gesi nyingi iitwayo naitrojeni. Mtu akizama na mtungi, maji yanamkandamiza, na gesi ile inaingia kwa wingi katika damu na nyama ya mwili. Akipanda juu polepole, gesi hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Sasa fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni kitu. Ifungue ghafla, povu linafoka! Ndivyo inavyoweza kuwa katika damu ya mzamiaji akipanda haraka. Mapovu yanaziba mishipa. Viungo vinauma vikali, na wengine hupooza au kufa.

Ndege nayo ni kama kufungua chupa. Hupaa mita 10,000 na zaidi, karibu mara mbili ya Mlima Kilimanjaro, ambao una mita 5,895. Huko nje baridi ni kali kuliko barafu, na hewa ni nyembamba mno. Ndani ya ndege hewa husukumwa na mitambo ili watu wapumue, lakini haifiki kuwa nzito kama ya pwani. Abiria huwa kama mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 2,000 au zaidi kidogo, yaani kama yuko Njombe au juu yake. Gesi iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu huko angani, na daktari hayupo. Kwa hiyo wazamiaji wengi huacha kuzama saa 18 hadi 24 kabla ya kupanda ndege.

Jambo hili si la wageni tu. Wako vijana wetu wanaozama na mitungi kutafuta majongoo ya bahari. Wanazama mara nyingi kwa siku, na wanapanda juu mbio mbio. Hao wako katika hatari ile ile, ndege au hakuna ndege. Kijana akitoka majini na kulalamika magoti, mabega au ganzi ya miguu, msimwambie akalale. Mpelekeni hospitali upesi, na mwambieni daktari kwamba alikuwa amezama na mtungi. Mvuvi anayezama kidogo kwa pumzi yake mwenyewe hana hofu kubwa hiyo, maana havuti hewa akiwa chini.

Turudi kwenye kapu la bibi.

Tumbawe si jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na wadudu wadogo wa baharini, tena kwa miaka mingi. Samaki huzaliana humo, na mawimbi makubwa huvunjika hapo kabla ya kufika ufukweni. Mwaka 1973, huko Washington, Marekani, nchi nyingi zilifanya mkataba wa kulinda wanyama na mimea inayouzwa kutoka nchi hadi nchi. Mkataba ulianza kazi mwaka 1975. Tanzania imo, na Ujerumani imo. Matumbawe ya mawe yamo katika orodha yake. Gamba la kasa ng'amba limo pia, tena hilo ni marufuku kabisa kwa biashara. Mgeni akifika kwao na tumbawe bila kibali, watu wa forodha watalichukua, na anaweza kutozwa faini. Kusema "nilipewa zawadi" hakumsaidii.

Na yule kome? Kumtoa nchini nako kunataka kibali. Lakini kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Kome huyu hula kiti cha pweza chenye miiba mingi. Kiti hicho ndicho adui wa matumbawe: kimoja kinaweza kumaliza mpaka mita za mraba 10 kwa mwaka. Ukiwauza makome wote kwa watalii, nani atamla adui huyo? Pesa ya gamba moja inaliwa siku moja, na samaki wanapungua miaka.

Maembe nayo yana kisa chake. Tangu Desemba 2019, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingiza matunda mabichi bila cheti cha mkaguzi wa mimea. Wanaogopa wadudu, kama nzi wa matunda, ambao sisi tunawajua vizuri mno. Matunda matano tu ndiyo hayahitaji cheti: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. (Doriani ruksa, lakini anayelifungua ndani ya ndege atafute pa kukimbilia.) Nyama na maziwa pia haviingii.

Basi bibi angempa nini? Karafuu kavu, mdalasini, mkeka wa ukili, au kanga. Hivyo ni vyepesi pia, na uzito ni jambo kubwa. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, na kila kilo inayozidi hulipiwa. Ndiyo maana wageni wengine huacha viatu na mashuka hotelini.

Safari yenyewe ni kama kilomita 7,000. Wengi hubadili ndege njiani, kama Addis Ababa, Doha au Istanbul. Kwa kuwa anakwenda kaskazini zaidi kuliko magharibi, saa yake haibadiliki sana: saa moja tu wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi. Kinachomshtua ni baridi yenyewe, maana anaweza kutoka kwetu na jasho, akashuka kwenye theluji.

Akifika nyumbani bado hajamalizana na pwani. Dawa ya kuzuia malaria huendelea kuimeza kwa wiki moja au nne, kulingana na aina yake, kwa sababu vijidudu hujificha mwilini siku nyingi kabla ya homa kuanza. Na homa ikimshika, hata baada ya miezi, jambo la kwanza kumwambia daktari wa kwao ni kwamba alikuwa Unguja.