Chanjo ya Miezi 9 Sio Mwisho wa Kliniki

Kuanzia Magongo na Chaani hadi Migadini na Port Reitz, tarehe za chanjo za wiki 6, 10 na 14 hukumbukwa vizuri katika nyumba nyingi za Changamwe. Lakini mtoto akishadungwa sindano ya surua na rubela akiwa na miezi 9, mara nyingi Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto huwekwa kabatini.

Huo ndio wakati mtoto anapohitaji kuangaliwa zaidi. Kuanzia miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi. Anaanza kula, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Chakula kikiwa hafifu, au akiharisha mara kwa mara, afya yake huzorota polepole bila mzazi kugundua.

Kliniki hutumia vipimo vitatu.

Uzito: Kila kipimo hutiwa alama kwenye chati iliyo kitabuni. Alama moja haitoshi; kinachotazamwa ni mstari. Ukilala au ukishuka, mhudumu hutafuta sababu, hata kama mtoto bado anacheza.

Urefu: Kipimo hiki hufichua udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mchangamfu, ilhali ukuaji wa mwili na ubongo wake umeathirika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Baada ya miaka 2, ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Mkono: Utepe wa rangi tatu huzungushwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani, sentimita 12.5 au zaidi, ni salama. Manjano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali. Mtoto wa nyekundu, au aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahudumu wa afya ya jamii hupima mkono kwa utepe huo hata nyumbani.

Baada ya miezi 9 bado kuna sindano ya pili ya surua na rubela katika miezi 18, na vitamini A kila miezi 6 hadi mtoto atimize miaka 5.

Kwa wazazi wanaodamkia kazi bandarini au viwandani, si lazima mama mwenyewe ndiye aende kliniki. Baba, nyanya au shangazi anaweza kumpeleka mtoto. Muhimu ni kubeba kile kitabu, ili mstari usikatike.