Riziki ya Kuwaonyesha Wanunuzi Njia



Baada ya darasa la alasiri alitujia mzee mmoja wa hapa Singida, mwenye mashine ya kukamua alizeti, akifuatana na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. "Maalim," alisema, "kijana huyu ashinda mbele ya kompyuta, asema kazi yake ni kuwafanya wafanya biashara waonekane. Sasa amepewa fedha na mtu atakaye ahakikishiwe kuwa duka lake litatokea la kwanza katika Google. Je, hiyo ni kazi? Na fedha hizo ni halali?"

Swali hilo limo katika nyumba nyingi, basi yafaa tulijibu kwa urefu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mtu wa Mwanza au Dar es Salaam atakaye mafuta ya alizeti hamjui mkamuaji wa Iramba wala wa Mkalama. Zamani mkamuaji alimngoja msafiri apite barabara kuu ayaone madumu yaliyopangwa kando ya njia. Leo mnunuzi huandika maneno machache katika simu yake, na mtambo wa utafutaji humletea orodha ya kurasa. Wengi hufungua zile chache za juu, wasiendelee. Kazi ya mshauri ni kumsaidia mfanya biashara apatikane katika orodha hiyo.

Orodha hupangwaje? Google ilianzishwa Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford. Msingi wao ulikuwa huu: ukurasa hupata uzito kwa kutajwa na kurasa nyingine, na kutajwa na ukurasa wenye heshima kwazidi kutajwa na usiojulikana. Sisi tuliosoma madrasa hatulioni hilo kuwa geni, kwani nasi twafundishwa kuipima habari kwa kuwaangalia walioipokea na kuisimulia. Siku hizi vipimo vimeongezeka: je, ukurasa wajibu swali la mwulizaji? Je, wafunguka upesi katika simu? Je, duka li karibu naye?

Basi mshauri huanza kwa kuyajua maneno ya mnunuzi. Tuseme mkamuaji ameandika katika ukurasa wake, "Bidhaa Bora kwa Maisha Bora." Lakini mnunuzi huuliza, "Bei ya mafuta ya alizeti Singida, dumu la lita 20." Watu hawa wawili hawatakutana kamwe. Mshauri huwakutanisha kwa kuandika wazi jina la bidhaa, mji, kipimo, bei na namna ya kusafirisha. Kisha huliandikisha duka katika ramani ya Google, jambo lisilo na malipo, pamoja na namba ya simu, saa za kazi na picha za kweli. Hupunguza uzito wa picha ili zisimchoshe mwenye simu ndogo. Mwisho hupima kazi yake kwa chombo kiitwacho Google Search Console, nacho ni cha bure: humwonyesha maneno yaliyoulizwa, ukurasa ulionekana mara ngapi, na ulifunguliwa mara ngapi. Mwuza asali wa Manyoni na mwuza vitunguu wote wahitaji huduma hiyo.

Sasa twende kwenye ile ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe imetangaza kwamba hapana mtu awezaye kuihakikisha. Nafasi za matangazo huuzwa, nazo hutiwa alama ya tangazo. Lakini nafasi nyingine haziuzwi. Basi auzaye nafasi ya kwanza auza kitu asichokimiliki.

Na wako wanaoitafuta kwa hila. Mwaka 2006 Google iliuondoa katika orodha zake ukurasa wa Ujerumani wa kampuni ya magari ya BMW, kwa sababu mtambo ulionyeshwa kurasa zilizojazwa maneno, na mtu akifungua alipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Nasi twajua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini ni mbichi ilhali juu ni kavu. Alimtaka mwenye mali auweke ule ubichi juu, watu wauone. Chombo ni kipya, hila ni ile ile.

Kijana atakaye kuijenga kazi hii idumu na aanze na mfanya biashara mmoja anayemjua, aandike hali ya ukurasa kabla ya kuugusa, na baadaye aonyeshe tofauti kwa tarakimu. Hizo ndizo shahada zake. Mapatano na yawe ya maandishi, kama Sura ya Al-Baqara ituamrishavyo katika madeni. Atoze malipo ya kazi atakayoifanya, si ya nafasi atakayoipata, na aseme mapema kwamba matunda huchukua miezi 4 hata mwaka mzima. Wachezesha kamari wakimjia na fedha zao, awaache. Wala asiache kusoma, kwani kazi hii hugeuka: tangu 2024 Google imeanza kuweka juu ya orodha majibu yaliyotungwa na mtambo wenyewe, na wengine huridhika nayo wasifungue ukurasa wowote.

Kijana alituambia kwamba zile fedha bado hajazitumia. Tulimshauri amrudie mwenyewe, amweleze ukweli, na amwandikie mapatano mapya ya kazi bila ya ile ahadi. Asiporidhika, arudishiwe fedha zake zote.

"Na akienda kwa mwingine atakayemwahidi?" aliuliza mzee.

Tulimjibu: "Mzee wangu, mashine yako haijaandikwa katika ramani. Kijana na aanze nayo."

Wabillahi tawfiq.