Risasi Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo twaizoea dukani, kwa watu wa mkopo na hesabu za senti. Lakini upo ufundi mmoja ng'ambo ambao, kila niusomapo, naona maana ya methali hii ikipita mambo ya pesa. Katika ufundi huo asiyeandika hapotezi shilingi. Hupoteza vidole, hupoteza macho, na pengine hupoteza roho.

Ufundi wenyewe ni wa kujaza risasi kwa mkono. Huko Marekani wawindaji wengi na walenga shabaha hawatupi maganda ya shaba baada ya kupiga bunduki. Huyaokota, wakayasafisha, wakayarudisha umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, kisha wakatia fataki mpya, baruti, na kichwa cha risasi juu yake. Desturi hii si ya jana. Wawindaji wa nyati katika nyika za Marekani, miaka ya 1870, walikuwa wakibeba risasi za kuyeyusha, baruti na fataki, wakijaza maganda yale yale usiku kambini.

Hapa Kenya silaha na risasi zinaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na siandiki haya ili msomaji ajaribu. Naandika kwa sababu ya somo lililomo.

Zamani baruti ilikuwa nyeusi, ile ile iliyoshindiliwa katika magobore yaliyoletwa Pwani kwa maelfu karne ya 19. Ilipotiwa katika ganda la risasi, baruti hiyo ililijaza ganda karibu lote. Ganda lenyewe likawa kipimo. Aliyesahau kwamba amekwisha kutia, akataka kutia tena, aliiona baruti ikimwagika mezani.

Mambo yakabadilika mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyotoa moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki yake ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Baruti mpya ilikuwa na nguvu nyingi mno kuliko ile nyeusi, kwa hiyo kidogo tu kilitosha. Tazama risasi ya bastola iitwayo .38 Special, iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Ganda lake lina nafasi kubwa kwa sababu lilikatwa kwa kipimo cha baruti nyeusi. Ukitia fungu la baruti ya kisasa, sehemu kubwa hubaki tupu, na fungu la pili laweza kuingia bila kumwagika. Na risasi ikishafungwa, zile mbili zafanana kama pacha.

Kosa la kinyume nalo lina hatari yake. Ganda likikosa baruti kabisa, fataki peke yake husukuma kichwa cha risasi hadi kikakwama ndani ya mtutu. Mpigaji asipotambua, akapiga ya pili, mtutu hupasuka.

Tena baruti zenyewe haziko aina moja. Ziko ziunguazo upesi, za bastola, na ziko ziunguazo taratibu, za bunduki ndefu. Kwa macho nyingi ni chembe za kijivu au nyeusi tu. Mkebe ukikosa jina, hata fundi mzoefu hawezi kuapa ni ipi. Ndiyo sababu mafundi waangalifu wana miiko: mezani haukai mkebe zaidi ya mmoja; baruti haihamishwi katika chombo kingine; na baruti isiyojulikana haitumiwi, hata kama ni ghali.

Kila bweta la risasi nalo hubandikwa karatasi: tarehe, aina ya baruti na uzito wake, aina ya fataki, uzito wa kichwa, urefu wa risasi nzima, na ganda limejazwa mara ngapi, kwani shaba nayo huchoka ikapasuka. Uzito wa baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, nani atategemea kumbukumbu? Mambo hayo hayo huandikwa daftarini, pamoja na jinsi bunduki ilivyopokea. Siku likitokea baya, fundi hufunua ukurasa akajua ni mabweta gani ya kuweka kando.

Na ule mwiko ninaoupenda zaidi: usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine bila maandishi, hata akiwa ndugu yako. Sio kwamba humwamini ndugu. Huamini usahaulifu wa binadamu, ambao haujui undugu.

Sisi tumelelewa kusifu kichwa chenye kumbukumbu, mzee awezaye kutaja vizazi kumi bila kusita. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini nasaba hurudiwa kila arusi na kila matanga, watu wakasahihishana. Bweta la risasi hukaa kabatini miaka kumi kimya, na aliyelijaza huenda amekwisha kufa. Nani atamsahihisha?

Basi msomaji, tazama rafu ya nyumbani kwako. Ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa, ile nyingine yenye dawa ya kupe, ile karatasi iliyokunjwa na vidonge ndani: nani ajuaye kilichomo ila wewe? Mtoto mwenye kiu hana habari ya ulichokumbuka wewe. Kalamu ni rahisi kuliko jeneza. Andika jina, andika tarehe, kisha ndipo ufunge kabati.