Plagi za Gari, Soko la Yongfu na Mkono wa Mwenye Gari

Katika bidhaa zote ambazo wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Mombasa na wa Kampala huzifuata mjini Guangzhou, kuanzia mapazia na vigae hadi mashine za kufyatulia matofali, sidhani kama ipo iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa athari kama plagi ya gari. Maana kipande hicho cha chuma na kauri, ambacho mtu aweza kukificha kiganjani, ndicho kiamuacho kama petroli aliyoinunua kwa fedha zake itageuka kuwa mwendo au itatokea nyuma kuwa moshi, na ndicho vilevile ambacho wenye magari wengi wa kwetu hawajapata kukiona kwa macho, ijapokuwa hukilipia kila fundi anapowaambia kwamba kimekufa. Dai langu katika makala haya ni kwamba mwenye gari la familia, liwe RAV4, X-Trail ya zamani au jingine la silinda nne ambalo plagi zake zimekaa juu ya injini, aweza kuzibadili kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kufanya hivyo ni kinga kubwa dhidi ya plagi bandia, kwa kuwa aliyewahi kuishika ile ya asili na kuitazama kwa makini hadanganyiki tena kwa urahisi.

Guangzhou si mji mgeni kwa watu wa pwani. Wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliuita Khanfu, na Ibn Battuta, aliyeiona Kilwa mwaka 1331, ametaja katika habari za safari zake mji wa Sin Kalan, ambao wataalamu huuhesabu kuwa ndio huu. Msikiti wa Huaisheng na mnara wake mweupe ingalipo katikati ya mji, na siku ya Ijumaa utawakuta humo Waafrika wengi wamesimama safu moja na wenyeji. Tofauti ni kwamba mababu walifuata hariri na vyombo vya kauri, na sisi tunafuata spea.

Barabara ya spea ni Yongfu, katika wilaya ya Yuexiu. Huko maduka yamepangana ukutani na ndani ya majengo ya ghorofa, kila duka na fani yake: hili la taa, lile la vioo vya pembeni, jingine la breki tupu, na baina yao yapo yale ya plagi, koili na fyuzi, ambamo vijisanduku vya karatasi vimerundikwa hadi darini, na sampuli moja moja zimetandazwa chini ya kioo cha meza. Kwa miaka mingi wanunuzi wetu walifika pia Chentian, wilayani Baiyun, kitongoji kilichojulikana kwa vipuri vilivyovuliwa kutoka magari yaliyochakaa. Muuzaji wa Yongfu, akimwona Mwafrika, huita “rafiki” kwa Kiswahili safi, hutoa kikokotoo, na baada ya salamu huuliza swali ambalo mgeni hulistaajabia: wataka ya daraja gani? Swali hilo halina siri wala aibu kwake. Juu ya rafu moja zaweza kukaa plagi tatu zenye jina lilelile la kiwanda cha Japani, na bei zake zikapishana mara nne au tano, na mnunuzi mwenye haraka akachukua ile ya chini, akaifungasha kwa mamia, ikapanda meli, ikashuka bandarini, ikauzwa Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi kwa bei ya ile ya juu.

Hapa yafaa nitoe haki kwa wenyeji. Plagi iliyotengenezwa China na kuuzwa kwa jina la China si bandia. Torch, mathalan, kiwanda cha Zhuzhou katika jimbo la Hunan, huuza plagi kwa jina lake, na mwenye kuinunua anajua alichokinunua. Uovu ninaousema ni ule wa kuvika kitu hafifu jina la mwingine, na uovu huo hauwezekani bila washirika wawili: anayeghushi huku, na anayeagiza kutoka kwetu hali akijua. Sheria dhidi yake ziko: Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ina sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila boneti, na kwa hiyo jicho la mnunuzi lina kazi yake.

Jicho litazame nini? Kwanza washa, ile pete ya chuma inayokaa shingoni mwa plagi: katika plagi ya asili ya NGK pete hiyo imebanwa hata haitoki kwa kuivuta kwa vidole, ilhali katika nyingi za kughushi huzungushwa kidogo ikaanguka. Pili maandishi juu ya kauri: ya asili yamekaa sawa na herufi zake zina kingo safi, ya bandia aghalabu yamepinda au hufifia yakisuguliwa. Tatu hesi zake, ambazo zatakiwa ziwe laini bila chembe za chuma. Nne, na hapa ndipo penye ithibati kubwa, ni ncha ya katikati. Plagi ya kawaida ina ncha ya nikeli yenye unene wa takriban milimita 2.5, ya iridiamu ina ncha nyembamba kama sindano, milimita 0.4 katika plagi mashuhuri za Denso na 0.6 katika nyingi za NGK, nayo imeunganishwa na shina lake kwa leza, hata kiungo huonekana kwa kioo cha kukuzia. Mghushi huchukua nikeli akaichonga ikawa nyembamba, akaandika iridiamu juu ya sanduku. Iridiamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 2,400 na zaidi za selsiasi, na nikeli hushindwa kabla ya 1,500. Basi ncha nyembamba ya nikeli iliyowekwa mbele ya cheche, kutwa kucha, huliwa upesi, pengo hupanuka, gari huanza kukosa moto, na tajiri aliyetarajia kilomita 100,000 haipati hata robo yake. Mnunuzi asitishwe, hata hivyo, akiona jina la Niterra kwenye sanduku la NGK. Kampuni hiyo ya Nagoya, iliyoasisiwa mwaka 1936, ilibadili jina lake mwaka 2023 na ikaiacha alama ya NGK juu ya plagi.

Fauka ya hayo, kila plagi ina namba, na namba ni hati. Chukua SK20R11 ya Denso, iliyotumika katika RAV4 nyingi za silinda nne za miaka ya 2000: herufi ya kwanza yaeleza kwamba ni ya iridiamu, ya pili kipimo cha hesi na kichwa chake, 20 ni daraja la joto, R ni kizuizi cha umeme kinachozuia makelele ya redio, na 11 ni pengo la milimita 1.1. Daraja la joto ndilo linalopuuzwa sana sokoni. Ncha ya plagi sharti ipate joto la nyuzi zipatazo 450 au 500 ili ijichome masizi yenyewe, na isikaribie 900 ikawa kaa linalowasha petroli kabla ya wakati wake. Plagi inayoingia katika tundu siyo lazima iwe plagi ya injini hiyo, na anayesema “yote ni moja, ilimradi inaingia” asisikilizwe.

Niliipata fursa ya kuitazama kazi yenyewe katika ua wa ghala moja la shehena, upande wa Baiyun, ambako tajiri mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia huku na ahali yake, alikuwa akibadili plagi za Highlander yake ya silinda nne, gari lililoundwa hapahapa Guangzhou katika kiwanda cha Toyota cha Nansha. Gari katika mji huu hutunzwa kama amana, kwa sababu Julai 2012 namba mpya za magari ya petroli zilianza kugawiwa kwa bahati nasibu au kwa mnada. Msaidizi wake alikuwa mtoto wa nduguye, kijana aliyekuja kusoma, na vyombo vyao vilikuwa vichache: racheti na mkono wake mrefu, soketi namba 10, soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani, kipande cha mpira wa petroli, na pampu ya kupulizia upepo.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha. Sharti hili la injini kuwa baridi si la kuepuka kuungua vidole peke yake. Silinda hedi ya alumini ikiwa ya moto, hesi zake ni rahisi kung'oka pamoja na plagi. Wakavua kifuniko cha plastiki, na koili nne zikaonekana zimejipanga, kila moja juu ya silinda yake, maana magari mengi ya sasa hayana tena zile waya ndefu za plagi. Kijana alibonya kidole cha soketi ya waya, akaichomoa, akafungua bolti namba 10, akaizungusha koili kidogo kulia na kushoto ili mpira wake uachane na kauri, kisha akaivuta juu taratibu. Kabla ya kugusa plagi, ami yake alimzuia akapuliza upepo ndani ya kisima cha plagi, na vumbi na mchanga uliokuwa umekaa chini ukaruka nje. Mchanga huo, plagi ikitolewa kabla ya kupuliza, huangukia juu ya pistoni.

Plagi mpya haziingizwi kwa kudondoshwa, kwa kuwa pigo dogo lafunga pengo au huipasua kauri kwa ufa usioonekana. Kijana aliipachika kwenye ule mpira wa petroli, akaiteremsha, akaizungusha kwa ncha za vidole; hesi ikikataa, mpira huteleza wenyewe, na hivyo haiwezekani kuivusha kwa nguvu. Ilipokaa kitako akachukua racheti.

“Ami, si tuikaze zaidi isije ikalegea?”

“Hebu acha, mwanangu. Washa ikishagusa, nusu mzunguko, basi. Ukizidisha utakata hesi, na hesi ya hedi haiuzwi dukani.”

Maneno ya mzee yalikuwa sahihi kwa plagi mpya yenye washa mpya ya hesi ya milimita 14, nami nayaongeza haya tu: aliye na spana ya kupima nguvu aifuate namba ya kitabu cha gari lake, ambayo kwa alumini aghalabu huwa kati ya nyutoni-mita 18 na 30, na asipake grisi kwenye hesi za plagi zilizokwisha kupakwa madini kiwandani, maana utelezi huo humdanganya mkazaji akapitiliza. NGK wenyewe wametoa onyo hilo. Kadhalika pengo la plagi ya iridiamu lisirekebishwe kwa kuipinda ncha. Limepimwa tangu kiwandani, na ncha ile nyembamba huvunjika.

Sehemu ya kazi iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa baada ya plagi za zamani kutoka. Walizipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa silinda zao, na mzee akazisoma. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, dalili ya moto mzuri. Ya nne ilikuwa na mafuta, na kijana akadhani injini imeanza kula oili. Mzee akaigeuza, akamwonyesha kwamba ncha ilikuwa kavu na ya kahawia kama wenzake, na mafuta yalikuwa juu, penye kauri ya nje. Yaliingia kisimani kwa njia ya sili iliyochakaa chini ya kifuniko cha vali. Ingekuwa ncha ndiyo iliyolowa oili, hukumu ingeelekea kwenye ringi za pistoni au sili za vali, na gharama ingekuwa nyingine kabisa. Masizi makavu meusi husema petroli ni nyingi kupita hewa. Kauri nyeupe yenye vipele husema joto limezidi. Mwenye gari anayeachia plagi zake gereji bila kuomba kuziona huwaachia mafundi pia habari hizi, na ndiyo sababu nashauri kwamba hata asiyetaka kushika spana adai arudishiwe zile za zamani, zikiwa zimepangwa.

Na taa ya injini ikiwaka, na kipimo cha fundi kikatoa P0301, P0302, P0303 au P0304, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda inayokosa moto. Badilisha nafasi za koili ya silinda hiyo na ya jirani yake. Kosa likihama pamoja na koili, plagi haina hatia. Hili lisicheleweshwe, kwa sababu petroli isiyoungua hukimbilia kwenye ekzosi na kukiunguza kile chombo cha kusafishia moshi, ambacho bei yake hununua plagi za miaka mingi.

Kuna magari ambayo simshauri mtu aanzie nayo. Harrier na Kluger za silinda sita zimeificha safu ya nyuma ya plagi chini ya bomba kubwa la kuingizia hewa, nalo halina budi kuvuliwa pamoja na gasketi zake; X-Trail ya toleo la T31 yenye injini ya MR20, ijapokuwa ni ya silinda nne, imekaa vilevile; na Subaru, ambazo silinda zake zimelala ubavuni, huhitaji mkono mwembamba na wasaa mrefu. Mwenye gari la namna hiyo na amtafute fundi anayemwamini, anunue plagi mwenyewe kwa namba iliyo kitabuni, na asimame kando hadi ya mwisho itakapokazwa.